Trakta Isiyojua Kusalimia Watu

Jumanne saa tano asubuhi, lori lilisimama mbele ya boma la Gachoki pale Kibugu na kuteremsha kitu chekundu juu ya mbao mbili. Gachoki akacheka. Alisimama kando ya barabara na gambuti zake miguuni, mikono nyuma, akacheka mpaka dereva wa lori akaanza kucheka naye bila kujua wanacheka nini. Mzee wa miaka sitini na moja! Mke wake, Ruguru, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akakitazama kile kitu kuanzia mbele hadi nyuma, akarudi jikoni.

Ilikuwa trakta ndogo, ile ya kukata nyasi, yenye kiti, usukani na visu vilivyofichwa chini ya tumbo. Mzungu mmoja wa Nanyuki alikuwa anarudi kwao na alikuwa anauza kila kitu, hata masufuria. Gachoki hakuangalia masufuria.

Ili uelewe kicheko chake, lazima umjue mwenyewe. Kwa miaka thelathini na mitatu Gachoki alikuwa mtu wa kutunza viwanja katika shule ya wasichana huko chini, karibu na Embu mjini, na kifaa chake kilikuwa kimoja: slasha. Unaijua slasha? Kipande cha chuma kimepinda mwishoni. Unainama, unarusha kulia, unarusha kushoto, na nyasi zinaanguka au zinakudharau, inategemea umeinoa vipi. Alikuwa anafyeka uwanja wa hoki, anafyeka mbele ya ofisi, anafyeka njia ya bwenini, na akimaliza huko anakuta pale alipoanzia nyasi zimefika magotini tena. Kila mwaka bodi ilisema mashine itanunuliwa mwaka ujao. Wakuu wa shule sita walikuja na kuondoka, na huo mwaka ujao haukuwahi kufika. Siku ya kustaafu walimkatia keki, wakamsomea hotuba tatu, kisha wakampa zawadi iliyofungwa kwa utepe. Akafungua. Slasha mpya! Jamani, watu wengine hawana haya.

"Hizo zote nimekata nikiwa nimeinama," akamwambia Ruguru jioni hiyo. "Zilizobaki nitakata nikiwa nimekaa."

Ruguru alifikiri ni uchungu tu unaongea, utapita. Yeye mawazo yake yote yalikuwa kwa ng'ombe wa gredi, wa maziwa, na alikuwa ameshamchagulia mahali pa kulala. Kumbe mwenzake kiinua mgongo alikuwa amekipangia kazi ya kuinua mgongo kweli kweli.

Basi, Jumanne hiyo hiyo Gachoki alipanda. Alivaa kofia yake ya kanisani kwanza. Alikaa taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vipya dukani, na kile kiti kikashuka kidogo, kikampokea. Kilikuwa na springi! Upande wa kulia palikuwa na tundu la mviringo, na alipoliangalia vizuri akaelewa kazi yake. "Ciku!" akaita. "Ciku, leta kikombe cha chai!" Ciku, binti yao, alikuwa amekuja nyumbani kwa likizo kutoka Meru anakofanya kazi ya uuguzi. Akaleta kikombe. Kikaingia tunduni sawasawa. Gachoki alimtazama binti yake na machozi yakamlengalenga. "Wameweka mahali pa chai," akasema. "Ciku, hawa watu waliotengeneza hii kitu walinifikiria mimi."

Akazungusha ufunguo. Trakta ikakohoa, ikatulia, ikaanza kunguruma kwa sauti ya chini ya kuridhika. Akashusha visu. Akakanyaga pedeli. Ikaenda! Ilienda yenyewe, na yeye amekaa! Aligeuka nyuma akaona mstari umekatwa sawa, kijani laini, upana wa mkeka, hakuna unyasi uliobaki umesimama kama ndevu za mtu aliyenyolewa haraka. Harufu ya nyasi mbichi ikampanda puani, ile ile aliyoinusa miaka yote, lakini mara hii bila jasho na bila kiuno kuuma. Akapiga kelele. Sio neno, kelele tu. Mbwa akakimbilia nyuma ya ghala.

Akafika karibu na ua wa barabarani, chai ikitikisika kidogo kwenye tundu lake, na hapo mama mmoja anayetoka kupeleka majani ya chai akamwita: "Habari ya huko, Baba Ciku!" Gachoki akaitikia vizuri, na trakta ikazima.

Pu! Kimya.

Akawasha tena, ikawaka. Akaenda duara moja, akarudi kwenye ua, akapita Mzee Mbae, katekista wa zamani, akamsalimia kwa upole wake. Trakta ikazima. Akawasha. Ikapita familia ya jirani ikitoka sokoni. Ikazima. Kufikia saa tisa mchana ilikuwa imezima mara kumi na moja, kila mara ikikawia zaidi kuwaka, na robo tatu ya kiwanja bado nyasi zilikuwa za magotini.

Hapa ndipo ujue tatizo lilikuwa wapi, kwa sababu nyasi peke yake hazikosanishi mtu na mke wake. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja. Ciku alikuwa ameposwa na kijana wa Meru, Mwirigi, na wazazi wake na jamaa zao walikuwa wanakuja ruracio, kukaa chini na kuanza mazungumzo ya mahari. Watu wapatao arobaini, na tenti ingesimamishwa hapo hapo kiwanjani. Na kile kiwanja kilikuwa msitu, kwa sababu Gachoki, tangu asikie habari za trakta, alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa nyasi zake. Wiki tano! Vijana walikuja na slasha wakitafuta kibarua, akawafukuza. Ruguru alitaka kufunga mbuzi pale ili wazile, Gachoki akamwambia hao mbuzi wataharibu.

Jumanne jioni Ruguru aliweka sahani ya mukimo mezani, akakaa, akaongea kwa ile sauti yake ya chini ambayo Gachoki anaiogopa kuliko kelele.

"Baba Ciku, sikiliza. Wakwe wakifika Jumamosi wakute nyasi zimesimama kwangu, hiyo kitu inauzwa Jumatatu. Na mimi ndiye nitatafuta mnunuzi."

"Itamaliza."

"Na isipomaliza?"

Gachoki alisogeza sahani kando. "Isipomaliza, iuzwe." Akanyoosha mkono, wakashikana, na Ciku akiwa shahidi. Usiku ule kiuno kilimuuma bila sababu.

Jumatano ikazima. Alhamisi ikazima. Gachoki alikuwa ameanza kuona mpango katika ubaya wake: ikiwa juu, karibu na nyumba, inafanya kazi bila shida. Ikishuka kwenye ua wa barabarani, inakufa. Akaamua ni mteremko, petroli inalalia upande mmoja. Akaiendesha ikipanda, akaiendesha ikikingama, akaiendesha kinyumenyume shingo imepinda. Akifika kwenye ua, pu! Alianza kuongea nayo. Aliibembeleza, aliitisha, akaiita jina la mkuu wa shule wa nne, yule mkali. Na bado, uwongo dhambi, kila ilipowaka moyo wake uliruka upya. Duara tatu za furaha halafu kifo, duara tatu halafu kifo. Hata hivyo hakuchukua slasha.

Ijumaa asubuhi akamwita Mutugi, fundi wa pikipiki pale sokoni, mwanamume mnene mwenye mikono myeusi ya oili na maneno machache. Mutugi akafungua kabureta, akaipuliza. Akatoa plagi, akaisugua. Akapanda mwenyewe, akazunguka kiwanja mara nne, akapita kwenye ua mara nne, trakta ikinguruma tu.

"Iko sawa, mzee."

"Haiko sawa! Inakuonea haya wewe ni mgeni!"

"Basi panda wewe, nione."

Gachoki akapanda. Akashuka nayo mpaka kwenye ua, na Mzee Mbae huyo, anarudi na fimbo yake na mkebe wa maziwa. "Mwaamka aje huko, Gachoki?"

"Tumeamka salama, mzee!" Gachoki akavua kofia, akainuka kitini, akainamisha kichwa kama anavyosalimiwa mtu mzima. Trakta ikazima.

"Umeona?" akamgeukia Mutugi. "Umeona mwenyewe?"

Mutugi alikuwa ameona. Alikuja akitembea pole pole, akijifuta mikono na kitambaa. "Mzee, kaa." Gachoki akakaa. "Washa." Akawasha. "Sasa simama, kama unanisalimia." Akasimama. Ikazima. "Kaa. Washa. Simama." Ikazima. Mutugi akaanza kucheka, tumbo lote likicheka, mpaka akashika ua.

"Ni kiti, mzee. Chini ya kiti kuna swichi. Makalio yakitoka, injini inajua dereva ameanguka, inazima ili visu visimkate. Imetengenezwa hivyo."

Gachoki alibaki na kofia mkononi. Aliwahesabu kichwani: yule mama wa majani ya chai, Mzee Mbae, familia ya jirani, mwalimu, mhubiri, mama mkwe wa mwalimu. Kila mara alikuwa ameinuka. Na angefanyaje? Pale kwetu mtu mzima hasalimiwi na makalio yamekwama kitini. Ni kumwambia hana maana. Gachoki alifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu, na miguu yake ilikuwa inainuka yenyewe bila kumwuliza.

"Mutugi," akasema, na alikuwa anauliza kwa dhati, "kwani huko ilikotengenezwa watu hawasalimiani?"

Mutugi alisema anaweza kukata waya wa hiyo swichi, ni kazi ya dakika mbili. Kumbe Ruguru alikuwa anaanika mahindi karibu na ghala, masikio wazi.

"Hakuna waya unakatwa hapa!" akapaza sauti. "Visu vimkate miguu siku moja kabla ya ruracio ya mtoto wangu? Nitamweka wapi, kwa ndoo?"

Waya haukukatwa. Lakini kulikuwa na lingine. Betri, kwa kuwashwa mara zote hizo, ilikuwa hoi. Mutugi alienda nayo dukani kwake kuichaji na akairudisha jioni, mvua ikinyesha, akitikisa kichwa. "Hii imezeeka, mzee. Itawasha mara moja. Ukiwasha kesho, usishuke mpaka umalize. Ikizima, imezima."

Jumamosi saa mbili, umande ulipoanza kukauka, Gachoki alipanda akiwa ameshavaa suti yake ya ruracio, maana alijua hatapata nafasi ya kubadilisha. Alimweka Ciku kwenye ua, kazi yake ikiwa kuwaeleza watu. Akazungusha ufunguo, akifunga macho. Ikakohoa. Ikawaka!

Lo, asubuhi ile! Jua lilikuwa limetoka, mlima Kirinyaga ukaonekana wote na theluji yake, na Gachoki akazunguka, suti inapepea, tai imerukia begani, mstari baada ya mstari baada ya mstari. Nyuma yake kiwanja kilikuwa kinageuka kitu ambacho hajawahi kukiona nyumbani kwake. Watu wakajaa barabarani. Habari ilikuwa imeenea, na wengine walikuja makusudi kumsalimia.

"Habari ya asubuhi, Gachoki!"

"Baba anawasalimia sana!" Ciku akawapigia kelele. "Anaomba msamaha, leo hawezi kusimama!"

"Ni mgonjwa?"

"Ni trakta!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Gachoki aliinua mikono yote miwili juu, akainamisha kichwa hadi kwenye usukani, akafanya kila heshima ambayo mtu anaweza kuifanya kuanzia kiunoni kwenda juu. Alipopita Mzee Mbae alitamani ardhi ipasuke. Mzee akamwinulia fimbo. "Kaa hapo, kijana wangu! Mimi nimekuelewa! Kata!"

Saa nne kasoro dakika chache palikuwa pamebaki mistari miwili. Mistari miwili tu, katikati ya kiwanja, kuanzia langoni hadi kwenye mparachichi. Ciku alikuwa ameingia ndani kuvaa. Wakwe walikuwa wameambiwa saa sita, kwa hiyo kila mtu alijua watafika saa nane. Gachoki alishusha pumzi na kuanza kuimba.

Sasa niambie, ni nani amewahi kuona wakwe wanafika mapema? Lakini watu wa Meru waliogopa kuchelewa siku ya kwanza, wakatoka gizani. Mabasi madogo matatu yakasimama langoni. Akashuka Mzee Thuranira, baba yake Mwirigi, mrefu, kofia ya manyoya kichwani. Wakashuka akina mama na vikapu. Na mwishoni, wakimshika mkono, akashuka nyanya yake Mwirigi, ajuza wa miaka themanini na kitu, mdogo, amenyooka. Alipomwona Gachoki kule katikati ya nyasi, hakungoja kukaribishwa. Aliwaacha wote langoni akaja moja kwa moja, mikono imenyooshwa mbele, akitabasamu bila meno.

Gachoki alitoa mguu kwenye pedeli. Trakta ikasimama, injini ikinguruma. Akazima visu. Ajuza alikuwa hatua ishirini. Kumi na tano. Mbele ya trakta, mistari miwili ya nyasi ndefu ilisimama hapo mbele ya wakwe wote. Akisimama, injini inakufa, nyasi zinabaki, na Jumatatu mtu anakuja kuichukua. Akikaa, mama mzima aliyesafiri tangu alfajiri anasalimiwa na mtu aliyejikalia, na hilo lingesimuliwa Meru mpaka wajukuu wa Ciku wazeeke. Alitazama lile tundu la kikombe. Moyo ulimuuma kweli, tusidanganyane. Alikuwa ameipata siku tano tu.

Hatua tano. Gachoki akavua kofia na kuanza kuinuka.

"Songa!"

Kitu kizito kilimpiga ubavuni. Alikuwa Ruguru, ametoka jikoni mbio na aproni yake, unga hadi kwenye viwiko. Alipanda kwa upande wa kushoto, akasukuma nusu ya makalio yake kwenye kiti, na Gachoki akateleza kwa upande wa kulia pole pole kadiri Ruguru alivyozidi kuingia, sentimita kwa sentimita, bila kile kiti kuachwa hata nukta moja. Injini ikasitasita. Ikafikiri. Ikaendelea.

"Msalimie mama!" Ruguru akamfokea, meno yameumana. "Unaniangalia nini?"

Gachoki akasimama kwa miguu yake miwili juu ya nyasi zake, akainama hadi chini, akapokea mikono ya yule ajuza kwa mikono yake yote miwili, akamkaribisha kama anavyostahili kukaribishwa. Ajuza akamshika, akamtazama usoni, akasema ameshaona kwamba mjukuu wake amepata kwao. Gachoki alikuwa analia na kucheka pamoja.

Nyuma yake Ruguru alikuwa amekaa wima, akiogopa kupumua. Alikuwa hajui usukani. Alitafuta mahali pa kuweka mguu, na mguu ukapata pedeli, na trakta ikaenda.

"Uwiii!" akapiga yowe.

"Vuta kile kichuma chekundu!" Gachoki akamwita. "Visu, Mama Ciku! Washa visu!"

Akavuta. Visu vikaamka, nyasi zikaanza kulala, na Ruguru akaenda, unga ukipeperuka mikononi, macho makubwa, moja kwa moja kuelekea kwenye mparachichi. Akageuka. Aligeuka vizuri kabisa! Akarudi na mstari wa pili. Akina mama wa Meru walitazamana, wakaweka vikapu chini, wakaanza kupiga ngemi, vile vigelegele vya furaha, na wale wa Kibugu waliokuwa barabarani wakaitikia kutoka ng'ambo ya ua. Mzee Thuranira alivua kofia yake ya manyoya na kuipunga.

Mstari ukaisha. Hakuna unyasi uliobaki umesimama katika boma lile. Gachoki alingoja asikie injini ikizimwa, lakini Ruguru alifika langoni, akapinda, akaanza mstari mwingine pale palipokatwa tangu saa tatu.

Wageni wakakaribishwa. Tenti ikasimamishwa, viti vikapangwa. Wazee wakakaa upande wao, wakakohoa, wakaangalia saa. Maneno hayawezi kuanza mama wa bibi arusi hayupo, hilo kila mtu analijua. Ciku akatoka na gauni lake, akamtazama baba yake, akamtazama mama yake, akafunika mdomo.

"Mama Ciku!" Gachoki akaita, mikono mdomoni. "Wakwe wamekaa! Shuka!"

Ruguru alipita mbele ya tenti, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi shingoni, uso unang'aa kuliko Gachoki alivyouona siku ya harusi yao wenyewe.

"Siwezi kushuka!" akajibu bila kupunguza mwendo. "Nikishuka inazima!"